Mshindani wa Kutengeneza: namna ya kupima ushindani kazini kwa miwani ya VR ukiwa Mtwara

Ingia kwenye banda lolote la kubangulia korosho, Newala au hapa Mtwara mjini, ukae pembeni nusu saa. Utaona meza moja inakwenda mbio na nyingine inajikokota. Muulize msimamizi, atakujibu bila kusita: "Ile meza ina Mama Fulani, yeye ndiye anayewavuta wenzake." Huenda ni kweli. Huenda pia msimamizi mwenyewe ndiye aliyewakusanya wepesi wakakaa pamoja, au meza ile iko karibu na dirisha, au gunia lao lilikuwa na korosho kubwa zisizosumbua. Tena Mama Fulani naye anavutwa na hao hao anaowavuta. Nani kamwongezea nani mwendo? Kwa kutazama tu hutajua, hata ukitazama msimu mzima.

Njia mojawapo ya kutoka kwenye fundo hili ni kumtengeneza Mama Fulani. Unamvisha mshiriki miwani ya VR, inayofunika macho na kumwonyesha picha za kompyuta pande zote, anajikuta ndani ya banda, mbele yake ameketi mfanyakazi mwenzake, nao wanachambua korosho. Yule mwenzake ni picha ya kompyuta. Hachoki wala haji na habari za mtaani, na wewe ndiye unayeamua kasi yake. Mshiriki wa kwanza na wa mia moja wanakutana na mtu yule yule, kwa mwendo ule ule. Kwenye banda la kweli hilo haliwezekani.

Nawaandikia wanafunzi wanaohangaika na tasnifu, walimu wa vyuo vyetu vya Mtwara na Lindi, na yeyote mwenye kiwanda anayetaka kujua kama mashindano anayoyaanzisha yanasaidia au yanaharibu. Huhitaji maabara ya kifahari. Miwani miwili, kompyuta moja yenye nguvu kiasi, chumba chenye pazia zito na msaidizi mwenye subira vinatosha kuanzia.

Neno moja kabla hatujaanza. Vitabuni VR huitwa uhalisia pepe. Kwa mkulima wa kusini, pepe ni punje tupu isiyo na kitu ndani, kwa hiyo neno lenyewe limekaa vizuri sana. Ila ukilitamka haraka mbele ya bibi wa Mikindani atasikia "pepo", na hapo umempoteza yeye na majirani zake watatu. Sema "miwani ya picha" au "miwani ya VR", mambo yaende.

Hatua ya kwanza: swali moja, tena la huku

Utafiti wa ushindani ni wa siku nyingi. Mwaka 1898 Norman Triplett, huko Marekani, aliona kwamba waendesha baiskeli huenda kasi zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Akachukua watoto 40, akawapa roda za kuvutia mishipi ya uvuvi wazizungushe, mara peke yao, mara kwa kushindana. Watoto 20 waliongeza kasi, 10 wakapunguza kwa kuchanganyikiwa, 10 hawakubadilika sana. Miaka zaidi ya mia imepita na bado matokeo hayo yana funzo: ushindani haumgusi kila mtu kwa namna moja. Ukipanga utafiti wako kana kwamba utawagusa wote sawasawa, umeanza vibaya.

Maswali ya kuchagua ni mengi. Je, mtu hufanya kazi zaidi akimwona mwenzake mwepesi? Je, hufanya zaidi akijua mwenzake anamwona yeye? Je, akipewa hiari, atachagua kulipwa kwa kazi yake mwenyewe au kushindania zawadi? Chagua moja. Mwanafunzi anayeniletea maswali manne huwa namrudishia karatasi.

Mimi nina swali ninalolipenda, na nashangaa halijafanyiwa kazi zaidi. Mwaka 2009 Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha utafiti waliowalinganisha Wamaasai wa Tanzania, jamii ya mfumo dume, na Wakhasi wa India, wanaofuata ukoo wa mama. Kazi ilikuwa kutupa mpira wa tenisi kwenye ndoo iliyo mita 3 mbele, mara 10, na kila mtu alichagua kulipwa kwa kila mpira unaoingia au kushindana. Kwa Wamaasai, wanaume nusu walichagua kushindana, wanawake asilimia 26 tu. Kwa Wakhasi mambo yaligeuka: wanawake asilimia 54, wanaume 39. Sasa tazama tulipo. Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana sauti kuliko baba. Dini, miji na ndoa za mchanganyiko zimebadilisha mengi, lakini bado hapa pana swali ambalo huhitaji kupanda ndege kwenda India kuliuliza: je, wanawake wa huku nao huchagua kushindana kuliko wanaume? Linakusubiri Tandahimba.

Hatua ya pili: kazi ya macho, si ya nguvu

Miwani inakupa picha na sauti. Haikupi uzito, joto wala yale mafuta ya ganda la korosho yanayochoma vidole. Kwa hiyo usijaribu kuigiza kubangua kwenyewe. Mbanguaji mzoefu husikia ganda likikubali kwa mkono, na mkono wake ndani ya VR umeshika rimoti nyepesi ya plastiki. Atakuona mtoto anayecheza kupika matope.

Chukua kazi ya kuchambua. Korosho zilizomenywa zinapita kwenye mkanda unaotembea, mshiriki anaziokota na kuzitia kwenye sanduku la nzima, la vipande au la zilizoungua. Kazi hii ipo kweli viwandani, inategemea jicho na uamuzi, inahesabika, na ina makosa yanayohesabika. Hilo la mwisho ndilo la maana zaidi, kwa sababu mtu anayeshindana anaweza kuongeza mwendo na kuharibu ubora kwa wakati mmoja. Ukihesabu idadi bila makosa utampongeza aliyeharibu.

Mshiriki aketi. Asitembee ndani ya picha kwa kubonyeza kitufe, kwani macho yakisema "natembea" na masikio yanayoshika mizani ya mwili yakasema "nimekaa", tumbo ndilo linalolipa. Picha zisishuke chini ya 72 kwa sekunde. Zikianza kukwamakwama, punguza mapambo ya chumba, punguza vivuli, toa madirisha yenye mandhari ya bahari. Najua yanapendeza. Yatoe.

Kwa programu, Unity inatosha na kwa mwanafunzi haina gharama. Kama huwezi kuandika msimbo, tafuta kijana wa kompyuta mfanye naye kazi, lakini kaa naye meza moja. Ukimtumia maelezo kwa simu tu atakutengenezea mchezo, na wewe unataka kipimo.

Hatua ya tatu: kumtengeneza mshindani

Hapa ndipo tumia nusu ya muda wako wote. Chumba kikiwa kibaya utasamehewa. Mshindani akiwa mbovu, huna utafiti.

Anza na kasi yake. Usiibuni kichwani. Alika watu sita au zaidi wa kawaida, wafanye kazi ile ile ndani ya miwani, urekodi kila korosho waliyoigusa, saa ngapi na imekwenda sanduku gani. Mshindani wako atacheza rekodi hizo. Kuna faida mbili. Kwanza, mwendo wake utakuwa na pumzi za binadamu: anaharakisha, anasita, anakosea, anajirekebisha. Programu ikiweka korosho kila baada ya sekunde 4 kamili, mshiriki atagundua ndani ya dakika moja kwamba anashindana na saa ya ukutani. Pili, utasema kweli. Wachumi wanaofanya majaribio wana mwiko mkubwa wa kuwadanganya washiriki, na mwiko huo una sababu: mtu akidanganywa mara moja, jaribio lijalo yeye na mtaa wake hawaamini neno lako. Ukiwa na rekodi unaweza kusema waziwazi, "Huyu si mtu, ni picha, lakini kasi yake ni ya mtu halisi aliyekaa kiti hiki kabla yako."

Kisha amua: kasi moja kwa wote, au kasi inayomfuata mshiriki? Kasi moja ni safi, lakini mshindani anayeonekana mzembe kwa dada wa kiwandani ni moto wa kuotea mbali kwa mwanafunzi wa chuo. Ukitaka kila mshiriki akutane na pengo lile lile, mpime kwanza akiwa peke yake dakika 5, kisha kompyuta itafute kwenye ghala la rekodi ile inayokaribia asilimia 120 ya mwendo wake, au asilimia 80, kulingana na kundi alilopangiwa. Mimi huchagua njia hii kwa mashindano yenye zawadi, na kasi moja kwa utafiti wa kuketi pamoja tu. Kitu cha kukwepa ni ule ujanja wa michezo ya magari, ambapo mpinzani hupunguza mwendo ukibaki nyuma na kuongeza ukikaribia. Vijana wa kompyuta wanaupenda na wanaweza kuuingiza bila kukuuliza. Ukiwemo, hujui tena ulichopima.

La tatu ni nani anamtazama nani. Alexandre Mas na Enrico Moretti walifuatilia makeshia wa maduka makubwa ya Marekani, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2009. Keshia alipoingia mwepesi, wenzake waliongeza mwendo, lakini walioongeza ni wale aliokuwa akiwaona mgongoni mwao. Waliomwona yeye bila yeye kuwaona hawakujali. Ndani ya VR hili ni suala la kugeuza kiti. Mweke mshindani mbele ya mshiriki akiwa amempa mgongo, umepata hali ya kumwona tu. Mgeuze amtazame, umeongeza aibu. Ni majaribio mawili tofauti, na tasnifu nyingi zingeyachanganya bila kujua.

La nne, alama. Kuonyesha namba ukutani, "Wewe 31, mwenzako 38", si sawa na kumwachia mshiriki akadirie kwa kutazama lundo la mwenzake. Namba inaita ushindani wazi. Lundo linaiga maisha. Sauti nayo ina kazi: korosho ikidondoka sandukuni kwa mlio, mshiriki atausikia mwendo wa mwenzake hata asipoinua macho. Uiache au uizime, lakini iwe kwa makusudi, uandike uliamua nini.

Umbo lake ni la mwisho. Mpe aproni na kofia ya nywele kama wavaavyo viwandani. Jinsia iwe moja kwa washiriki wote, au ilingane na ya mshiriki. Ukiwachanganya ovyo umeongeza swali la pili ambalo hukulipanga. Na macho! Mshindani wetu wa kwanza tulimpa mikono mizuri tukasahau macho. Mama mmoja aliyetusaidia kujaribu alivua miwani akaniuliza, "Mwanangu, huyu dada mbona anachambua huku anatazama ukuta?" Alikuwa na haki. Macho yafuate mkono, kope zipepese, kifua kipande na kushuka kidogo. Hapo inatosha. Ukizidisha uzuri wa uso anaanza kutisha.

Walioonyesha kwamba kazi hii inawezekana ni Özgür Gürerk na wenzake, kwenye maabara ya picha za kompyuta mjini Aachen, Ujerumani. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2019, washiriki walichambua vitu kwenye mkanda huku wakimwona mfanyakazi wa kutengenezwa, mwepesi au mzembe, ambaye yeye hakuwatazama. Washiriki waliitambua tofauti ya mwendo vizuri. Je, mwepesi aliwavuta wote? Hapana. Kwa jumla hapakuwa na tofauti. Walioongeza kazi mbele ya mwepesi ni wale wenye hulka ya kushindana. Kwa hiyo pima hulka hiyo kabla mtu hajavaa miwani, kwa maswali machache. Ukikumbuka baadaye, umechelewa.

Hatua ya nne: fedha ziwe za kweli

Ushindani wa kugombea sifa ni mwepesi mno kwa watu wenye shida zao. Lipa. Mfano wa viwango, ambao utaubadili kwa mfuko wako: akiwa peke yake, shilingi 50 kwa kila korosho iliyokwenda sanduku sahihi. Korosho 80, shilingi 4,000. Akishindana, shilingi 100 kwa kila korosho akimpita mwenzake, na sifuri akishindwa. Mara mbili imetoka wapi? Washindani ni wawili wenye uwezo sawa, kila mmoja ana nafasi nusu ya kushinda, kwa hiyo kwa wastani malipo yanalingana. Ndiyo hesabu ya Muriel Niederle na Lise Vesterlund katika utafiti wao mashuhuri wa 2007: makundi yao yalikuwa ya watu wanne, hivyo mshindi alilipwa dola 2 kwa kila jumla sahihi badala ya senti 50. Wanaume na wanawake walijumlisha namba kwa uwezo ule ule, lakini asilimia 73 ya wanaume walichagua shindano, wanawake 35.

Hapo jihadhari. Kama rekodi zako ni za asilimia 120, wengi watashindwa, na nafasi si nusu tena. Kwa sehemu ya kuchagua, tumia rekodi inayolingana na mshiriki, na umwambie hivyo.

Fuata mfuatano wao, ni mzuri: mzunguko wa kwanza peke yake, wa pili shindano, wa tatu mshiriki achague. Mwishoni arushe dadu, mzunguko mmoja tu ndio ulipwe. Ukilipa yote, wa tatu utafanywa na mtu aliyekwishaanza kuhesabu mfukoni. Juu ya hayo weka kiasi cha kuhudhuria, tuseme shilingi 5,000, asirudi mtu nyumbani mikono mitupu baada ya kuacha kazi zake.

Huku kwetu utaulizwa swali ambalo vitabu vya Marekani havina. Mzee mmoja wa msikitini aliniita pembeni: "Kijana, hii si kamari?" Sikujifanya mwenye elimu ya fatwa. Nilimweleza kwamba mshiriki hatoi hata senti yake, hakuna anachoweka akipoteze, na anaweza kukataa sehemu ya shindano. Akatosheka. Toka siku hiyo nimeyafuta maneno "dau", "kubahatisha" na "bahati nasibu" kwenye maelekezo, na ninakwenda kusalimia wazee kabla ya kubandika tangazo, si baada.

Chagua majira pia. Minada ya korosho ikishaanza, kuanzia Oktoba hivi, mikono ina pesa na shilingi 4,000 haimtoi mtu nyumbani. Mwezi wa Ramadhani mchana usifanye, kwa sababu utapima njaa. Ijumaa funga mapema.

Hatua ya tano: vibali na ridhaa

Kwa hili nitakwenda haraka. Pata idhini ya maadili ya chuo chako. Mgeni kutoka nje hupata kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Halafu barua inashuka ngazi kwa ngazi: ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, kata, mtaa. Usiruke mtendaji wa mtaa hata kama una barua yenye muhuri mkubwa.

Ila usipite haraka kwenye faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na data za VR ni binafsi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba kati ya watu 511, kompyuta ilimtambua mtu kwa usahihi wa asilimia 95 kwa kutumia mienendo ya kichwa na mikono iliyorekodiwa kwa chini ya dakika 5. Kufuta jina hakumfichi mtu anayejulikana kwa anavyogeuza shingo. Faili za mienendo zifungwe kwa nywila, zisizunguke kwenye WhatsApp ya kundi la utafiti.

Ridhaa isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha mtaani. Yangu inaanza hivi: "Shikamoo mama. Ukivaa hii utaona chumba chenye meza, na dada amekaa mbele yako. Si mtu, ni picha, ila kasi yake ni ya mtu wa kweli. Kichwa kikizunguka, fumba macho, sema 'toa', tunaitoa papo hapo na pesa ya kuja unapata yote." Mwenye kifafa asivae. Mjamzito, mwenye homa, aliyelala bila kula, aahirishe.

Hatua ya sita: watu wangapi

Ukilinganisha makundi mawili tofauti, unategemea tofauti ya kati (nusu ya mkengeuko sanifu, kile kipimo cha watu wanavyotofautiana), kwa kiwango cha asilimia 5 (nafasi ya kuona tofauti isiyokuwepo) na nguvu ya asilimia 80 (nafasi ya kuiona iliyopo), unahitaji watu 64 kila kundi. Tofauti kubwa ya 0.8 inahitaji 26. Tofauti ndogo ya 0.2 inahitaji karibu 394 kila kundi, na hapo nakushauri ubadili swali. Njia ya kupunguza ni kila mshiriki apite hali zote mbili: kwa ile ya nusu wanatosha 34, mradi nusu yao waanze na mwepesi na nusu na mzembe. Ugawaji ufanywe na kompyuta. Msaidizi akigawa kwa macho yake, dada wachangamfu wote wataishia kundi moja.

Mtu mmoja atakula dakika 45 hivi, ukijumlisha salamu. Kwa miwani miwili tegemea watu 12 kwa siku, kwa hiyo watu 128 ni kama siku 11 za kazi. Ongeza siku 3 za TANESCO kukata umeme.

Hatua ya saba: chumba, jua na umeme

Miwani yetu ya kwanza ilifia barazani. Msaidizi aliiweka ukingoni mwa dirisha saa sita mchana, lenzi zikitazama juu. Lenzi zile hukusanya jua kama kioo cha kuwashia moto, na dakika chache zinatosha kuchoma kioo cha ndani. Doa halitoki. Tangu hapo kuna sheria moja: miwani iko kichwani au iko ndani ya mkoba wake, hakuna mahali pa tatu.

Chumba kiwe na mwanga wa taa wa kutosha, kwa sababu kamera za miwani hutafuta alama za ukutani kujua kichwa kiko wapi, lakini jua lisiingie moja kwa moja. Ukuta mweupe mtupu huzichanganya, bandika kalenda mbili tatu. Joto la Mtwara na unyevu wa bahari vitakupa ukungu kwenye lenzi. Washa feni, ivishe miwani kifuniko cha silikoni kinachofutika, futa lenzi kwa kitambaa kikavu laini. Spiriti usiiguse kwenye lenzi, itakula utando wake wa juu. Betri ya Quest, aina ya miwani tunayotumia, inakwenda saa mbili na kidogo, kwa hiyo pawabenki iwe mfukoni mwa mshiriki au kiunoni, na programu isitegemee intaneti hata chembe.

Hatua ya nane: siku yenyewe

Msaidizi wa kike awepo, na pazia, kwa ajili ya anayehitaji kulegeza ushungi ili mikanda ikae. Aliyesuka mafundo ya juu mpe mkanda mrefu zaidi, usimbonyeze. Pima umbali wa mboni za macho na urekebishe lenzi: Quest 2 ina nafasi tatu tu, milimita 58, 63 na 68. Ukiruka hili, ukungu atakaouona utauita uzembe wa kazi.

Dakika 3 za mazoezi, bila mshindani, mpaka aokote korosho kumi mfululizo bila kukosea. Kisha mizunguko ya dakika 5, mapumziko katikati. Wakati wa kazi msaidizi asiseme chochote. Nimekuwa nikiwafukuza wasaidizi chumbani kwa ajili ya "Endelea hivyo hivyo mama!", maana sauti hiyo ni mshindani wa pili.

Baada ya kuvua, mpe maji, umpitishe kwenye orodha ya dalili 16, kama kichefuchefu na kizunguzungu, iliyotungwa na Robert Kennedy na wenzake mwaka 1993, kwa tafsiri uliyokwisha kuijaribu. Muulize alijisikia yuko bandani kweli au alikuwa akitazama picha. Muulize pia, "Umemwonaje mwenzako?" uandike jibu kama alivyolisema. Mwenye bodaboda akae dakika 15 kabla ya kuwasha pikipiki.

Hatua ya tisa: data usiku ule ule

Ukirekodi kichwa na mikono mara 72 kwa sekunde, dakika 5 zinakupa mistari 21,600 kwa mtu mmoja. Kwa kazi hii mara 10 kwa sekunde zinatosha, mistari 3,000, na kompyuta yako itakushukuru. Faili ya pili, iliyo muhimu zaidi, ni ya matukio: kila korosho, muda, sanduku, sahihi au kosa, na mshindani alikuwa amefika ngapi wakati huo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuonyesha kama mtu huongeza mwendo akipitwa au hukata tamaa. Nakili kila jioni kwa waya, nakala mbili, mahali pawili.

Mpango wa uchambuzi uandike na uuhifadhi kwa tarehe kabla ya mshiriki wa kwanza: utalinganisha nini, utamtoa nani, kwa sababu gani. Kisha kwenye R, programu ya takwimu, chora mwendo wa kila mtu dakika kwa dakika kabla hujakimbilia wastani, uwatafute wale 20, 10 na 10 wa Triplett.

Mwenye kiwanda akikukopesha wafanyakazi wake, siku ya mwisho atakuja na soda baridi kuomba orodha ya waliofanya vizuri. Mpe wastani wa kundi lililomwona mwepesi na wa kundi lililomwona mzembe, idadi na makosa, pamoja na maelezo ya nusu ukurasa. Jina la mbanguaji hata mmoja usimpe, na umwambie hivyo mapema, siku ile unaomba ruhusa, mbele ya wafanyakazi wenyewe.